Punda Mwenye Kovu: Umnunue au Umwache?

(Maneno ya afisa mifugo wa kata kwa wafugaji wa Bariadi, wakati wa kununua wanyama kazi)



Pesa ya pamba imeanza kutoka AMCOS, na najua nyumba nyingi zina hesabu moja: punda. Visima vya karibu vinakauka, maji yanasogea mbali, na dumu halijibebi lenyewe. Kwa hiyo leo sitasema habari za chanjo wala josho. Nataka tuzungumze jambo moja tu. Umefika mnadani, umemwona punda wa bei nafuu, halafu ukimsogelea unakuta ana kovu mguuni au mgongoni. Ufanye nini?

Nchi za wenzetu swali hili huulizwa juu ya farasi. Sisi huku farasi hatunao. Tauni ya farasi na ndorobo ya mbung'o humuua upesi, ndiyo maana mnyama wa nyumbani kwetu ni punda. Lakini miguu, kwato na meno ya punda vimejengwa kama vya farasi, na kumkagua ni kule kule. Tofauti moja ndiyo inayotuponza: punda anaficha maumivu. Anaumwa huku anatafuna nyasi. Anasimama kimya, masikio yameinama kidogo, na wewe unasema, "Huyu mzima." Mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye fisi humfuata, na punda hilo hajalisahau hata akiwa zizini kwako.

Nianze na kosa langu mwenyewe, msije mkadhani nasema mambo ya kusoma tu.

Miaka michache iliyopita baba mmoja aliniomba nimsindikize mnadani. Alikuwa na shilingi 200,000 na alitaka punda wa maji. Punda wazima siku ile walikuwa wanauzwa 300,000 na zaidi. Tukamwona jike mmoja, kijivu, mnene, anauzwa 180,000. Nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, chini ya goti, alikuwa na kovu refu. Muuzaji akasema, "Alikatwa na kamba akiwa mdogo, Bwana mifugo, zamani sana." Nikainama nikalishika kovu. Lilikuwa kavu, halina joto. Nikasema atembezwe. Akatembezwa hatua kama ishirini, asubuhi, hana mzigo, kwenye mchanga laini. Alitembea vizuri kabisa. Nikamwambia yule baba, "Mchukue."

Wiki ya tatu binti wa nyumba ile alikuwa anatoka mtoni, punda amebeba madumu 4. Kwenye kingo ya mto, mahali pa kupanda, mguu ule ukakunjika. Punda akaanguka na mzigo wake, madumu 2 yakapasuka, na binti akaponea chupuchupu kulaliwa. Nilipofika jioni nilipapasa mguu taratibu kutoka juu kwenda chini, kama nilivyopaswa kufanya siku ile mnadani, nikakuta kano ya nyuma imevimba na kujipinda kama upinde. Jeraha lenyewe lilikuwa la kale. Kano haikuwahi kupona sawasawa.

Tangu siku ile hadi mvua ziliponyesha, maji ya nyumba ile yalibebwa kichwani na binti yule. Alikuwa darasa la sita. Hesabu ya siku alizokosa shule sikuifanya, niliogopa kuifanya. Ile 120,000 tuliyodhani tumeokoa, aliyeilipa ni yeye.

Nilichojifunza ni hiki. Mnunuzi hanunui kovu wala historia ya kovu. Ananunua kazi. Swali la kwanza si "aliumia lini na aliumiaje." Swali la kwanza ni "nataka anifanyie kazi gani, kwenye njia gani, na mzigo gani?" Ukishajua hilo, mkague kwa kazi ile ile. Mimi nilimkagua punda wa kutembea matupu juu ya mchanga, na kwa kazi hiyo alifaulu.

Sasa tuingie mnadani.

Fika mapema, na usimwendee punda moja kwa moja. Simama mbali, mwangalie akiwa hajui anaangaliwa. Punda aliyetulia hupumzisha mguu mmoja wa nyuma, kisha hubadilisha. Hiyo ni kawaida. Lakini akiusogeza mguu wa mbele mbele ya mwenzake na kuuacha hapo, kila mara ule ule, mguu huo unauma. Angalia pia mabega na mapaja kutoka mbele na kutoka nyuma. Mguu usiotumika hukonda. Ukiona upande mmoja wa paja umebonyea na mwingine umejaa, tatizo hilo si la wiki hii, hata kama kidonda hakionekani popote.

Kisha kwato. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwato hazisemi uongo na wauzaji wengi hawajui hivyo. Punda asiyeukanyaga mguu vizuri kwa miezi mingi, ukwato wa mguu ule unakuwa mwembamba na kusimama wima, na ule wa mguu mwenzake unaobeba uzito wote unapanuka na kulala. Weka macho chini, linganisha kushoto na kulia. Zikitofautiana, muuzaji akikwambia "alichomwa na mwiba juzi," wewe nyamaza tu, umeshajua.

Tena ukwato hukua kutoka juu kwenda chini kama kucha yako, karibu milimita 8 kwa mwezi. Ukiona mpasuko au mkunjo unaozunguka ukwato, pima umeshuka kiasi gani kutoka kwenye nywele. Kama umeshuka sentimita 2 na nusu hivi, punda huyo alipata msukosuko miezi mitatu iliyopita, awe aliumia, aliumwa sana au alikosa chakula. Muuzaji akisema ni mwaka juzi, hesabu inamkataa.

Baada ya kwato, mshike miguu. Anza na ule unaouona mzima ili akuzoee. Tumia kidole gumba na cha shahada, shuka taratibu nyuma ya mguu kutoka goti hadi kifundo. Kano nzima ni kama kamba iliyovutwa, nyembamba, imenyooka, na ukiibana hashtuki. Kano iliyowahi kuumia ni nene, ina uvimbe au imejipinda. Kano hupona kwa miezi tisa, kumi, hata mwaka, na hata ikipona haivutiki kama ya awali. Punda wa namna hiyo anaweza kuishi miaka mingi na kufanya kazi nyepesi. Kupanda kingo ya mto na madumu mgongoni, hapana.

Kunja viungo vyote kimoja kimoja. Kiungo kisichokunjika kama mwenzake hakitakunjika zaidi kwa kuombewa. Na ukikuta alama za chuma cha moto kwenye goti, begani au kwenye nyonga, mistari au vidoti, jua hilo si pambo. Kuna mtu alimwona anachechemea akajaribu kumtibu kwa kuchoma. Uliza alichomwa kwa ajili ya nini. Na kwenu nyinyi mnaochoma bado, niseme bila kumkosea mzee yeyote heshima: moto hauponyi kano. Unaongeza kidonda juu ya kidonda, na punda anaacha kuchechemea kwa muda kwa sababu mlimpumzisha wakati kidonda cha moto kikipona. Kilichomsaidia ni kupumzika.

Halafu mtembeze, lakini si kama nilivyofanya mimi. Tafuta ardhi ngumu, barabara au uwanja ulioshindiliwa. Udongo wetu wa luseni ni mchanga, unameza maumivu yote. Mtu amshike kamba ikiwa imelegea, amkimbize mchakamchaka akija kwako na akiondoka. Akija, tazama kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa hupanda juu ili kuupunguzia uzito. Ule mzima ukikanyaga, kichwa hushuka. Akiondoka, tazama nyonga mbili: upande unaouma hupanda na kushuka kuliko mwenzake. Mzungushe duara dogo, kulia kisha kushoto. Mrudishe kinyumenyume hatua tano.

Kuna mtego mmoja hapo. Akiwa anaumwa miguu yote miwili ya mbele, kichwa hakitapanda wala kushuka, maana hana mguu wa kukimbilia. Utaona hatua fupi fupi tu, kama anakanyaga makaa. Watu husema, "Huyu ana mwendo wa polepole, mtulivu, anafaa watoto." Hana utulivu wowote. Anaumwa.

Na mtego wa pili ni kinyume chake. Punda wana urafiki. Ukimtoa mmoja kwa mwenzake aliyekaa naye miaka, anaweza kugoma kutembea, akajikokota, akaita. Huyo usimhukumu kuwa kilema. Mlete mwenzake atangulie, umwone akimfuata. Ukiweza, wanunue wote wawili, kwa sababu anayeuzwa peke yake mara nyingine huacha kula siku kadhaa.

Mwisho wa majaribio, mpakie mzigo. Nenda na madumu yako 2, yajaze maji hapo hapo, mwekee tandiko lako, mtembeze nusu saa. Muuzaji mwenye punda mzima hatakukatalia. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 180, na mgongoni asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake. Maana yake madumu 2 kwa mdogo, 3 kwa mkubwa. Madumu 4 ni kilo 80, na nayaona kila siku barabarani. Najua mna haraka. Lakini yule jike tuliyemnunua vibaya, hata angekuwa mzima, madumu 4 yangemfikisha pale pale, labda baada ya miaka miwili.

Mzee mmoja wa Itilima aliniuliza, "Bwana mifugo, mbona asubuhi mnadani alikuwa anakimbia, na keshokutwa nyumbani anachechemea?" Nikamwambia, "Mzee, kuna sindano za kupunguza maumivu. Anachomwa alfajiri, anauzwa saa nne, dawa inakwisha ukiwa umefika kwako." Akatikisa kichwa akasema, "Basi mnada nao una mganga wake." Dawa ya namna hiyo hufanya kazi kwa siku moja, mara nyingine zaidi kidogo. Ndiyo maana, kama punda ana kovu linalokutia shaka, omba umwone siku mbili tofauti nyumbani kwa muuzaji, sio mnadani tu. Akiwa anatoka mbali na haiwezekani, andikianeni karatasi mbele ya mtendaji wa kijiji kwamba akichechemea ndani ya siku 7 bila ajali mpya, anarudi na pesa inarudi. Wengine watakucheka. Wacha wacheke.

Sasa makovu yenyewe, maana hayafanani.

Nywele nyeupe mgongoni au begani ni vidonda vya tandiko vilivyopona. Bonyeza kwa kiganja. Ngozi ikiteleza juu ya nyama, haina joto, na punda hashuki mgongo kukukwepa, mnunue, ila jua aliumizwa na vifaa, na vifaa vyako vikiwa vile vile ataumia tena pale pale. Nimeona punda wengi wamefungwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu, nira inakaa. Punda hana nundu, nira inamsugua mifupa ya shingo. Huyo anataka mkanda mpana wa kifuani, ushonwe kwa gunia au turubai na kujazwa kitu laini, na tandiko lenye mito miwili, ili uti wa mgongo uwe wazi katikati usiguswe na mzigo.

Lakini mahali pale shingo inapokutana na mgongo, ukikuta tundu dogo linalotoa usaha, au kovu lililoziba lakini chini yake kuna ulaini na joto, achana naye. Kidonda hicho kiko ndani sana. Hufunga, hufunguka, hufunga, miezi na miaka. Tena usaha wake wakati mwingine huwa na vijidudu vya ule ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao na sisi watu tunaupata. Usiuguse kwa mkono mtupu.

Makovu ya kamba miguuni ni mengi sana huku, hasa kamba za nailoni. Yakiwa ya ngozi tu, kifundo kinakunjika, kano imenyooka, hayo si kitu. Waya wa mtego ni habari nyingine. Huko Meatu, kuelekea kwenye mapori, wanyama wetu hunasa kwenye nyaya zilizotegewa wanyamapori, na waya hukata mpaka kwenye mfupa. Kovu linalozunguka mguu mzima kama pete, na mguu umenenepa juu yake, mimi nalikataa.

Sikio lililoliwa, mkia uliokatika, mistari ya meno ya fisi kwenye matako: kama ni ya zamani na anatembea vizuri, huyo ni punda aliyepambana akashinda. Chukua, na umshushe bei kwa ajili ya uzuri uliopotea, maana maji hayajui uzuri. Chongo naye anafaa mkokoteni wa punda wawili, ukimweka upande ambao jicho bovu linamwelekea mwenzake. Kwa mtoto wa kwenda naye peke yake porini, simshauri.

Nyonga iliyoshuka upande mmoja, mara nyingi kwa kugongwa na gari au pikipiki, kwa kazi ya mzigo hapana. Kwa jike wa kuzaa pia hapana, kwa sababu njia ya kupita mtoto inaweza kuwa imebanwa.

Mpaka hapa nimesema makovu, vitu vilivyopona. Kidonda kibichi nakiweka peke yake, na hapa sina mzaha.

Ugonjwa wa pepopunda una jina hilo kwa sababu ya mnyama huyu. Yeye na farasi ni wepesi kuupata kuliko ng'ombe. Vijidudu viko kwenye udongo na samadi, huingia kwenye kidonda kirefu, kwenye mwiba, kwenye msumari uliochoma ukwato, na dalili huja baada ya wiki moja hadi tatu, wakati mwingine kidonda chenyewe kimeshaziba. Punda anakakamaa kama meza, masikio yamesimama, mkia umeinuka, taya zimefunga. Wengi hufa. Ukimnunua leo ana kidonda cha siku tano, ni kama umenunua tikiti la bahati nasibu. Mwambie muuzaji amtibu, nawe urudi baada ya mwezi.

Na akiwa ameng'atwa hivi karibuni na fisi, mbwa au bweha, usimnunue hata kwa 50,000. Kichaa cha mbwa huwapata punda pia, na kinaweza kujificha wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kuonekana. Ukimpeleka nyumbani umekipeleka kwa watoto. Kama wako mwenyewe ameng'atwa, mtenge, niite, watoto wasimshike. Mtu aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate ya mnyama huyo kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona dalili, maana dalili zikija hakuna tiba.

Mtaniuliza, mbona siku hizi wenye majeraha ni wengi mnadani? Mimi nadhani sababu mojawapo ni hii. Zamani punda aliyeumia alipakiwa kwenye lori kwenda machinjioni, kwa sababu ya biashara ya ngozi, na Shinyanga hapo jirani kulikuwa na kiwanda. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali yetu ilizuia uchinjaji wa punda, na Februari 2024 Umoja wa Afrika, wakuu wa nchi wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia biashara ya ngozi zao bara zima. Ni jambo jema, punda walikuwa wanakwisha na wizi ulizidi. Lakini yule aliyeumia sasa haendi kwenye lori. Anapakwa mafuta, analetwa mnadani kwako. Na kwa sababu wizi haujaisha, hata umpende vipi, usimtoe mnadani bila barua ya mtendaji wa kijiji anakotoka, hereni yake kama anayo, na kibali cha kusafirisha. Punda wa bei ya kutupa asiye na karatasi anaweza kuwa na miguu minne mizima na bado akakupeleka polisi.

Fungua na mdomo. Meno ya mbele ya utotoni huanguka mawili ya katikati akiwa na miaka miwili na nusu, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Akifika miaka mitano mdomo umejaa meno makubwa. Nasema hivi kwa sababu punda wengi wenye miguu mibovu walipakiwa mizigo wakiwa na mwaka mmoja na nusu, mifupa bado laini. Kijana wa miaka mitatu ambaye tayari goti limevimba atakuwa kikongwe akiwa na sita. Mzee wa miaka kumi na miwili mwenye makovu matatu na mwendo safi ana miaka mingi mbele yake, kwa sababu punda akitunzwa huvuka hata ishirini na mitano. Kati ya hao wawili mimi namchukua mzee.

Ukishamnunua, mpumzishe wiki mbili. Mkague kwato, zisafishe kwa kijiti kila jioni. Kama kuna mchubuko, chemsha maji lita 1, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, yapoe, osha. Usitie oili chafu ya gari wala maji ya betri, nimeyaona yote mawili. Mzigo anza na dumu 1, wiki inayofuata 2. Kila jioni pitisha mkono kwenye lile kovu. Ukisikia joto ambalo jana halikuwepo, kesho hafanyi kazi. Mtoto ndiye anayekaa naye zaidi, kwa hiyo mfundishe mtoto, na akikwambia "baba, leo anakanyaga vibaya," msikilize.

Mtataka kujua yule jike wa kijivu aliishia wapi. Wenye nyumba walitaka kumwacha porini. Nikawaomba wasifanye hivyo, maana kumtelekeza mnyama ni kosa kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na fisi wa huku hawangojei usiku uingie vizuri. Alipumzika karibu mwaka mzima. Akapandwa, akabeba mimba miezi kumi na miwili na siku kadhaa, akazaa dume. Dume yule sasa ana miaka minne na mwendo safi, na ndiye anayekwenda mtoni. Mama yake hubeba dumu 1 tu, mahali tambarare, kutoka bombani hadi nyumbani. Kama tangu mwanzo tungesema tunanunua jike wa kuzaa, kwa 180,000 tungekuwa tumepata mali. Tulimnunulia kazi asiyoiweza. Na mimi nililipa madumu yale mawili, ingawa yule baba hakunidai.

Siku ya mnada nitakuwa mlangoni kuanzia saa moja asubuhi, kabla ya pesa kutoka mfukoni mwa mtu. Ukishalipa ndipo unaniita, nitakachoweza kukupa ni pole. Njoo na kamba iliyolegea, madumu yako 2 na tandiko lako mwenyewe. Kukagua hakuna malipo. Na mama ukija peke yako kununua, wasikuzungushe wale madalali, niite tu hata kwa sauti.

Kama kuna maswali, tuanze na akina mama, maana ndio wanaotembea naye.